Seva mbili, diski moja ya kufuli, na saa inayoamua

Seva moja ikifa kwenye klasta ya seva mbili, yaani seva zilizounganishwa zitoe huduma moja, kazi inahamia kwa mwenzake na watumiaji wanaendelea na shughuli zao. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na mbili. Hali inayonitia hofu ni nyingine: zote mbili ni nzima, zina umeme, zinaiona hifadhi, lakini hazisikiani.

Chukua hifadhidata iliyo kwenye hifadhi ya pamoja. Nodi A (nodi ni seva ya klasta) inaiendesha, nodi B iko pembeni inasikiliza mapigo ya A, yaani ujumbe mfupi wa kila mara unaosema iko hai, kupitia mtandao. Mtandao kati yao unakatika. B inahesabu sekunde, haisikii kitu, inaamua kwamba A imekufa, na inaupandisha mfumo wa faili kwake, yaani inaufungua tayari kuandika. A haijafa, bado inaandika. Ext4 na XFS, mifumo ya faili ya kawaida ya Linux, hazikutengenezwa ziandikwe na mashine mbili kwa wakati mmoja. Kila mashine inatunza kwenye kumbukumbu yake picha ya bloku zilizo wazi, na inaiamini picha hiyo. A inachukua bloku fulani kuandikia miamala, B inachukua bloku ile ile kuandikia kitu kingine. Hakuna anayerudishiwa kosa, na logi za pande zote mbili zinaonyesha mambo ni shwari.

Niliwahi kuitwa kwenye klasta iliyofikia hapo. Fsck, chombo cha kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, ilimaliza kazi yake na kuuacha mfumo wa faili ukiwa safi, ila vilivyomo ndani ndivyo vilivyoharibika: faili za jedwali moja zilikuwa na kurasa za jedwali jingine katikati. Kilichookoa kilikuwa nakala ya akiba, na kila kilichoandikwa baada ya nakala ile kilipotea. Tangu hapo siikubali jozi yoyote ya seva kuwa klasta kama haina njia ya kuamua nani anyamaze. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwenye hifadhi ya pamoja kanuni hiyo haina msamaha.

Klasta kubwa zinalimaliza jambo hili kwa kura. Akidi ni zaidi ya nusu: katika nodi tatu unahitaji mbili, katika tano unahitaji tatu. Mtandao ukigawanyika, upande wenye wengi unaendelea na wachache wanasimama. Kwa nodi mbili hesabu inakwama, kwa sababu zaidi ya nusu ya mbili ni mbili. Moja ikizimika, iliyobaki haina akidi nayo inasimama, na sasa umenunua seva mbili upate huduma dhaifu kuliko ya seva moja. Corosync, programu ya Linux inayobeba mapigo na kura za klasta, ina mpangilio wa `two_node: 1` unaoiruhusu nodi moja kuendelea peke yake. Mpangilio huo pia unawasha `wait_for_all`, ili wakati wa kuanza nodi isikimbilie huduma kabla haijamwona mwenzake japo mara moja. Ni mpangilio mzuri, lakini mtandao ukigawanyika wakati kazi inaendelea, kila upande unajiona una akidi. Swali la nani aendelee limebaki pale pale.

Wapo wanaojibu kwa kuongeza kebo. Ongeza, tena ipite njia nyingine na swichi nyingine. Mgawanyiko utakuwa nadra zaidi. Lakini kebo hazimalizi swali lenyewe. Mwaka 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walilieleza tatizo hili, na mwaka 1978 Jim Gray akalipa sura ya majenerali wawili wanaotumiana wajumbe kupitia bonde la adui: kama mjumbe yeyote anaweza kupotea, hakuna idadi ya ujumbe itakayowafanya wote wawili wawe na uhakika kwamba wamekubaliana. Nodi isiyojibiwa haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au ni njia tu iliyokatika. Inahitaji mahali pa tatu pa kuuliza.

Diski ya pamoja ni mahali hapo, na wazo lenyewe ni la zamani. VAXcluster za Digital za miaka ya 1980 zilikuwa na diski ya akidi, yenye faili la QUORUM.DAT na kura zake yenyewe. Serviceguard ya HP ilikuja na kufuli la klasta, Red Hat ikawa na qdiskd hadi ilipoiondoa katika toleo la 7, Windows Server ina diski ya ushahidi, na kwenye Linux yenye Pacemaker, programu inayosimamia huduma za klasta, leo chombo kinachotumika sana ni SBD.

Vyombo hivi havifanyi kazi kwa namna moja. Kufuli la Serviceguard linakaa kimya siku zote. Klasta ikigawanyika nusu kwa nusu, pande zote mbili zinalikimbilia; wa kwanza kulishika unaunda klasta upya, na uliochelewa unajiangusha. SBD inakwenda kinyume. Diski inagawanywa nafasi, kila nodi ina nafasi yake, na kila nodi inaisoma nafasi yake tena na tena, kwa kawaida kila sekunde. Anayetaka kumtoa mwenzake anaandika neno `reset` kwenye nafasi ya mwenzake, naye akilisoma anajiwasha upya hapo hapo. Nitakaa na SBD kwa sababu ndiyo unayoweza kuipata bila kununua chochote zaidi ya hifadhi uliyo nayo.

Diski inayohitajika ni ndogo mno. Megabaiti 1 inatosha nafasi 255 kwenye diski yenye sekta za baiti 512. Zikiwa sekta za baiti 4096, weka megabaiti 4. Omba LUN (kipande cha hifadhi ambacho seva inakiona kama diski) ndogo kuliko zote ambazo hifadhi yako inakubali kuzikata. Usiweke mfumo wa faili juu yake, usiiingize kwenye LVM, usiitumie kwa kitu kingine chochote.

Kisha iite kwa jina lisilobadilika. `/dev/sdb` ni mpangilio wa kugunduliwa tu: nodi ikiwashwa upya, au ikiongezwa LUN nyingine, sdb ya leo inaweza kuwa sdc kesho, na sdb ya nodi A si lazima iwe sdb ya nodi B. Tumia njia iliyo chini ya `/dev/disk/by-id/`, na uilinganishe herufi kwa herufi kwenye nodi zote mbili. Nasisitiza kwa sababu amri ya kuiandaa diski inafuta karibu megabaiti ya kwanza bila kuuliza, na megabaiti ya kwanza ya diski ya data ndiyo yenye ramani ya vyote vilivyomo.

Kabla ya kuiandaa, napenda kuhakikisha kwa mkono kwamba nodi zote mbili zinaiandika na kuisoma diski ile ile. Kwenye A:

`echo "salamu kutoka A" | dd of=/dev/disk/by-id/JINA bs=4096 count=1 conv=sync oflag=direct`

Kwenye B:

`dd if=/dev/disk/by-id/JINA bs=4096 count=1 iflag=direct | strings`

Salamu ikionekana, geuza: andika kutoka B, soma kwenye A. Wapo wanaojaribu upande mmoja tu, na baadaye inagundulika kwamba LUN ilifunguliwa kwa nodi moja kwa kusoma peke yake. Yale maneno `direct` nayo yana kazi. Bila hayo unaweza kupewa nakala iliyobaki kwenye kache ya nodi yako badala ya kilichopo kwenye diski, na diski ya kufuli inayosomwa kupitia kache haina maana yoyote. SBD yenyewe inaiandika na kuisoma diski moja kwa moja kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa iandae, kwenye nodi moja tu:

`sbd -d /dev/disk/by-id/JINA -1 15 -4 30 create`

Ukiitazama kwa `sbd -d /dev/disk/by-id/JINA dump` utaona nafasi 255, ukubwa wa sekta, na nyakati nne. Mbili kati ya hizo ndizo moyo wa mambo yote: `watchdog` sekunde 15 na `msgwait` sekunde 30. Miongozo mingi inazipita mbio. Mimi naona mtu asiyezielewa hajaweka kufuli. Ameweka diski tu.

Fikiria B imeandika `reset` kwenye nafasi ya A. Nani kamwambia B kwamba A imeusoma ujumbe? Hakuna. Huenda A imeganda, kerneli, kiini cha mfumo endeshi, haipumui. Huenda kebo yake ya hifadhi imekatika pamoja na mtandao. Ujumbe uko kwenye diski na msomaji hayupo. B ikianza kazi hapo, tumerudi kule kule tulikotoka, tena safari hii tukijidanganya kwamba tuko salama.

Kinachojaza pengo ni saa ya ulinzi iliyo kwenye ubao wa mashine, ile inayoonekana kama `/dev/watchdog`. SBD kwenye A inaigusa saa hiyo kila inapofanikiwa kuisoma diski. Ikishindwa kwa sekunde 15, saa haiguswi, inafika sifuri, na kifaa chenyewe kinaiwasha mashine upya bila kuomba ruhusa ya kerneli, ya programu wala ya mtu. B kwa upande wake inasubiri sekunde 30 baada ya kuandika. Zikiisha, mambo ni mawili tu: ama A iliusoma ujumbe ikajiwasha upya, ama haikuweza kuusoma na saa ikaiangusha. Kwa vyovyote haiandiki tena. B imepata uhakika bila kupata jibu, na hilo ndilo majenerali wawili hawakuweza kulipata kwa wajumbe peke yao.

Kwa hiyo saa iwe ya kweli. Linux ina `softdog`, inayoigiza saa ndani ya kerneli yenyewe. Kerneli ikiganda kabisa, saa nayo inaganda. Kwenye mashine pepe ni hatari zaidi: seva inayoibeba ikiisimamisha mashine kwa dakika nzima, kila kilicho ndani kinasimama pamoja nayo, na ikiamshwa inaweza kuendelea kuandika pale ilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Seva nyingi zina saa ya vifaa tayari, kupitia `iTCO_wdt`, `hpwdt` au `ipmi_watchdog`. Amri ya `sbd query-watchdog` inakuorodheshea zilizopo. `sbd -w /dev/watchdog test-watchdog` inaijaribu, na jaribio likifaulu mashine inajiwasha upya, basi lifanye kabla ya huduma kuanza. Angalia pia kama programu nyingine ya usimamizi haijaishika saa hiyo kwanza, kwani mshikaji ni mmoja tu.

Nyakati zenyewe zinashikana, kila moja inaibeba inayofuata. Ya chini kabisa ni muda ambao hifadhi inachukua kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine. Kama njia moja ya multipath (njia zaidi ya moja kwenda kwenye hifadhi ile ile) ikifa inachukua sekunde 10 kuhamia ya pili, saa ya sekunde 5, ambayo ndiyo SBD inayoiweka usipoitajia kitu, itaiangusha nodi nzima kwa hitilafu ambayo multipath ingeimaliza yenyewe. `msgwait` iwe angalau mara mbili ya `watchdog`. `stonith-timeout` ya Pacemaker, muda inaosubiri nodi itolewe, iizidi `msgwait` kwa angalau asilimia 20, hivyo kwa 30 ni 36 kwenda juu. Kwenye iSCSI, yaani hifadhi inayofikiwa kupitia mtandao, `replacement_timeout` inakuja ikiwa sekunde 120: njia ikikatika, maombi yanashikiliwa kwa dakika mbili kabla ya kurudishwa kama kosa. Ishushe unapotumia multipath, na kwa LUN hii `no_path_retry` isiwe `queue`, yaani maombi yasisubiri bila kikomo. Diski ya kufuli inatakiwa ikuambie mapema kwamba imeshindwa.

Najua sekunde 30 zinaonekana nyingi kwenye ripoti, hasa ukijumlisha muda wa kugundua kwamba mapigo yamekoma na muda wa hifadhidata kuamka. Kila mara kuna anayetaka zishushwe. Jibu langu halijabadilika: huduma iliyosimama nusu dakika inarudi kama ilivyokuwa, hifadhidata iliyoandikwa na wawili hairudi. Zishushe pale tu ulipopima hifadhi yako wakati ina mzigo mkubwa, ukazivuta kebo, ukaona imechukua muda gani.

Jingine ninalolikuta mara kwa mara kwenye klasta ndogo ni diski ya kufuli inayokufa pamoja na kile inachokisuluhisha. LUN inapitia iSCSI, iSCSI inapitia swichi ile ile inayobeba mapigo. Swichi ikizimika, nodi zote mbili zinapoteza mwenzake na diski kwa mkupuo mmoja, na zote zinajiwasha upya. Data imesalimika, hilo ni kweli, lakini hitilafu ya swichi moja imegeuka kuwa kuzimika kwa huduma yote. Kibaya zaidi ni diski inayotolewa na nodi mojawapo ya klasta: nodi hiyo ikifa imeondoka na kufuli. Na diski iliyonakiliwa kwa DRBD baina ya nodi hizo hizo haifai hata kidogo, maana mgawanyiko ukitokea kila upande unabaki na nakala yake, kwa hiyo kufuli ni mawili na kila mmoja ana lake. Diski itoke nje ya nodi zote mbili na ipite njia isiyo ya mapigo. Ukiwa na hifadhi tatu zilizo tofauti, SBD inakubali diski tatu na inaendelea ikipoteza moja. Kwa klasta ndogo, moja inayosimamiwa vizuri inatosha.

Kusimamia maana yake ni kufuatilia. Ukiweka `SBD_PACEMAKER=yes`, diski ikipotea wakati nodi zinasikiana, klasta inaendelea na kazi, na ni sawa iwe hivyo. Lakini tangu dakika hiyo hakuna anayeweza kumtoa mwenzake, na watumiaji hawataona tofauti yoyote. Bila kengele, utajua siku mgawanyiko utakapokuja.

Kama huna hifadhi ya pamoja kabisa, usiilazimishe kwa ajili ya kufuli tu. Mashine ndogo ya tatu yenye `corosync-qnetd` inatoa kura ya tatu kupitia mtandao, japo bado utahitaji njia ya kuikata nodi iliyoshindwa. Na kama data yako iko kwenye LUN zinazokubali uhifadhi wa kudumu wa SCSI-3, itazame `fence_scsi`. Hapo kila nodi inasajili ufunguo wake kwenye diski ya data, na aliyeshinda anaufuta ufunguo wa aliyeshindwa. Kuanzia hapo hifadhi yenyewe inayakataa maandishi yake, hata kama nodi iko hai na haijui kilichoendelea. Uhifadhi wa zamani wa SCSI-2 ulikuwa ukipotea basi ya SCSI ikianzishwa upya. Huu wa SCSI-3 haupotei. Napenda namna unavyomzuia mtu mlangoni badala ya kumwomba atoke.

Ukishapanga, kuna shindano moja la kulizuia. Mtandao ukikatika, nodi zote mbili zinaweza kuandikiana `reset` kwa wakati mmoja na kuangushana zote. `pcmk_delay_max` inaweka ucheleweshaji wa bahati nasibu ili mmoja awahi. `priority-fencing-delay` ni bora zaidi kwa kazi ya aina hii, kwa sababu inaupa nafasi upande wenye huduma muhimu, na hifadhidata haihami pasipo sababu.

Halafu vuta kebo. Usiridhike na kuizima nodi kwa amri ya kawaida, kwa sababu hiyo inaaga kwa adabu na hakuna kinachojaribiwa. Kata mtandao wa mapigo huku hifadhidata ikiandika. Siku nyingine iangushe kerneli kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger`. Kisha kata njia za hifadhi za nodi yenye huduma, mtandao wake pia, na usiguse kitu kingine. Hili la mwisho ndilo linaloijaribu saa, kwa sababu hakuna ujumbe utakaofika. Wakati wa jaribio la mtandao, endesha `sbd -d /dev/disk/by-id/JINA list` kwenye nodi iliyobaki utaona hivi:

`0 nodi-a reset nodi-b`
`1 nodi-b clear`

Nafasi ya A ina amri, na aliyeiandika ametajwa. Linganisha saa za logi: B haikutakiwa kuupandisha mfumo wa faili kabla `msgwait` haijaisha. Ikiwa ilipandisha mapema, kuna mpangilio uliokosewa, hata kama huduma iliamka vizuri.

Mipangilio miwili ya `/etc/sysconfig/sbd` nimeiacha mwisho kwa sababu inahusu nodi inaporudi. `SBD_DELAY_START=yes` inaifanya isubiri `msgwait` kabla ya kujiunga. Mashine pepe zinawaka haraka mno, na nodi inaweza kuwa imesharudi kwenye klasta wakati mwenzake bado anahesabu sekunde za kumtangaza amekufa. Ya pili ni `SBD_STARTMODE`. Ikiwa `always`, nodi iliyotolewa inarudi yenyewe. Ikiwa `clean`, inakataa kuanza hadi mtu aisafishe nafasi yake kwa `sbd -d /dev/disk/by-id/JINA message LOCAL clear`. Kwa seva za tovuti zisizotunza kitu, `always` haina shida. Kwa hifadhidata ya nodi mbili nachagua `clean` kila mara: nodi iliyoangushwa ibaki nje hadi mtu asome logi na ajue kwa nini ilitolewa, maana sababu hiyo mara nyingi bado ipo, na kuirudisha kabla ya kuiondoa ni kuwapanga wawili hao wagombane tena usiku ule ule.